Mahindi yana cheti cha kuvukia mpaka, mtoto je?

Mei inapoelekea ukingoni, shule za kimataifa za Afrika Mashariki huanza kufunga mwaka. Maturubai husimamishwa uwanjani, bendera hutundikwa, na kwa wiki mbili au tatu ratiba hujaa: siku ya mataifa, maonyesho ya kazi za wanafunzi, tamasha la muziki, fainali za michezo, siku ya tuzo, kisha mahafali. Mtoto mmoja hupita na kitenge, mwingine na kilemba, wa tatu na shuka la Kimasai. Mezani kuna sambusa, chapati, matoke na wali wa nazi. Mashati ya sare hugeuka daftari, kila rafiki akiandika jina lake na nchi anakokwenda kusoma.

Wafanyabiashara wa mipakani wanaijua sherehe hii kwa mlango wa nyuma. Vitenge, kanga, vikapu na ndizi za siku hiyo mara nyingi zimepita mikononi mwao kabla ya kufika jukwaani. Kwa wengi uhusiano unaishia hapo. Karo za shule hizo kubwa ni maelfu ya dola kwa mwaka, na mtaji wa mama anayevusha magunia matano ya maharage haufiki huko.

Hata hivyo, katika sherehe hizo kuna kitu kinachomhusu mama huyo kuliko anavyodhani. Ni ile karatasi ambayo mwanafunzi anaondoka nayo.

Chukua mfano wa Moshi. Mwaka 1969 ilianzishwa pale International School Moshi, kwa ajili ya watoto wa wageni waliokuja kufanya kazi katika hospitali ya KCMC. Leo shule hiyo inaitwa UWC East Africa, ina kampasi Moshi na Arusha, na tangu 2019 ni sehemu ya mtandao wa shule za UWC duniani. Kampasi ya Moshi iko chini ya saa moja kwa gari kutoka Holili, mpaka ambao wachuuzi wa Himo na Taveta huuvuka kila siku ya soko.

Wanafunzi wa shule hiyo husoma mfumo wa International Baccalaureate, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968. Mfumo huo ulizaliwa na shida ambayo kila mfanyabiashara wa mpakani anaielewa: watoto wa watu wanaohamahama. Wazazi waliokuwa wanadiplomasia na watumishi wa mashirika ya kimataifa walihamishwa kila baada ya miaka michache, na kila walipohama, mtoto alianza upya. Dawa ikaonekana kuwa mtihani mmoja na cheti kimoja kinachosomeka kila kona. Matokeo ya mtihani wa Mei hutoka mwanzoni mwa Julai. Mahafali yenyewe hutangulia matokeo, jambo ambalo halitamshangaza mzazi wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, kwani mahafali yake nayo hufanyika kabla ya mtihani wa Novemba.

Kwa hiyo mtoto anayeagwa Moshi mwezi Mei anaweza kuendelea na masomo Nairobi, Kigali au Ulaya bila mtu kuuliza cheti chake ni cha nchi gani. Hata aliye madarasa ya chini, baba yake akihamishiwa Kampala, huko atakuta shule yenye mfumo uleule na mwaka unaoanza Agosti.

Sasa mtazame mtoto wa Busia, Namanga, Mutukula, Rusumo au Kobero. Ni nani anayehama kuliko wazazi wake? Mama ana duka upande huu na ghala upande ule. Msimu ukibadilika, biashara inahama, na familia inaifuata. Lakini mwaka wa shule hauifuati.

Tanzania na Kenya hufungua mwaka wa masomo Januari. Uganda huanza Februari. Rwanda, ambayo nayo ilikuwa ikianza Januari, ilihamia Septemba baada ya janga la Uviko-19. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huanza Septemba. Mtoto aliyefunga mwaka Bujumbura katikati ya mwaka, mama yake akihamia Kampala, ana njia mbili: akae nyumbani hadi Februari, au aingie muhula wa tatu wakati wenzake wanajiandaa kwa mitihani ya mwisho. Njia ya kwanza inamla nusu mwaka na zaidi. Ya pili mara nyingi huishia kurudia darasa.

Madarasa yenyewe hayalingani. Uganda ina miaka 7 ya shule ya msingi. Kenya, kwa mtaala wake wa umilisi, ina 6, kisha 3 ya sekondari ya chini. Tanzania nayo iko njiani kutoka 7 kwenda 6. Mtoto wa darasa la saba wa Tororo akivuka kwenda upande wa Kenya anajikuta mwanafunzi wa sekondari ya chini, na mwalimu anayempokea hana mwongozo wa kumweka.

Msaada uliopo ni mdogo. Mabaraza ya mitihani, NECTA ya Tanzania, KNEC ya Kenya na UNEB ya Uganda, hulinganisha vyeti vya nje kwa ada. Huduma hiyo humfaa zaidi aliyekwisha kufanya mtihani wa taifa. Aliye darasa la tano au kidato cha pili hubaki na ripoti ya shule tu, na mengi huamuliwa na mwalimu mkuu atakayemkuta ofisini.

Hapa ndipo mfanyabiashara anapaswa kukumbuka safari ya mzigo wake. Kabla ya utaratibu wa biashara iliyorahisishwa, gunia la mahindi lilihitaji wakala wa forodha na mlolongo wa fomu zilizoandikwa kwa ajili ya makontena. Wadogo wakakimbilia njia za panya. Jumuiya ilipoona hivyo, ilitengeneza cheti rahisi cha uasilia. Bidhaa ikiwa imezalishwa ndani ya Jumuiya, iko kwenye orodha na thamani ya mzigo haizidi dola 2,000 za Marekani, cheti hutolewa hapohapo mpakani na mzigo unavuka bila ushuru wa forodha. Cheti hakikumaliza kero zote, lakini kilikiri jambo la msingi, kwamba mdogo naye anavuka na anahitaji karatasi ya saizi yake.

Mahindi yamepata karatasi hiyo. Mtoto wa mwenye mahindi bado.

Wala hili si ombi la kitu kipya kisheria. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Ibara yake ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuane sifa za kitaaluma na kuoanisha mitalaa, mitihani na viwango. Vyuo vikuu vimetangulia: mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Ni jambo jema, ila mtoto haanzii chuo kikuu. Anayeshindwa kuvuka na darasa la tano hatafika huko.

Wapo watakaosema elimu ni roho ya taifa, na kila nchi ina haki ya kufundisha historia yake, lugha zake na uraia wake. Ni kweli, na hakuna haja ya kugusa hilo. Hata shule za kimataifa hazilazimishi watoto wote wasome lugha moja au historia moja. Kinachofanana ni kipimo na namna ya kukiandika. Wengine watasema kalenda haziwezi kuoanishwa, kwa sababu mvua, bajeti na mitihani ya kila nchi ina majira yake. Basi kalenda zibaki. Kinachotakiwa ni ripoti ya uhamisho ya kurasa chache, inayofanana katika nchi zote 8, inayoeleza mtoto anajua nini katika hesabu, lugha na sayansi, na jedwali la kumwonyesha mwalimu mkuu darasa la kumweka. Kianzie katika wilaya za mpakani, kama cheti cha mzigo kilivyolengwa mipakani.

Wakati hilo likisubiriwa, wazazi wawe macho. Miji ya mipakani imejaa shule binafsi zenye neno “International” kwenye kibao. Baadhi zinafundisha vizuri. Nyingine zimechukua jina na sherehe, zikaacha kiini. Mwisho wa mwaka mzazi anaombwa mchango wa joho, picha, keki na kukodi ukumbi, na mtoto wa chekechea anahitimu kwa kofia ya profesa. Furaha ya mtoto si dhambi, lakini kabla ya kulipa mchango huo, mzazi aulize maswali mawili. Mtihani wa mwisho wa shule hii ni wa baraza gani? Na mtoto akihama kesho kwenda upande wa pili, ataondoka na karatasi gani? Shule isiyoweza kujibu imeuza jina tu. Mfanyabiashara hanunui gunia bila kuchoma bambo aone kilichomo, na karo ni mzigo mkubwa kuliko gunia.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, hasa vya wanawake, vina uzoefu wa kudai. Ndivyo vilivyopigia kelele vizuizi barabarani, unyanyasaji na ushuru usioeleweka, na vingine vikapungua. Mikutano na maofisa wa forodha, uhamiaji na viwango imezoeleka. Maofisa elimu wa wilaya za pande zote mbili nao waitwe kwenye meza hiyo, na ripoti ya uhamisho iwekwe kwenye ajenda pamoja na mizani na maghala.

Watoto wa mabalozi walitengenezewa cheti chao zaidi ya miaka 50 iliyopita kwa sababu shida yao ilionekana na kutafutiwa dawa. Mama wa Kobero na baba wa Busia wana shida ileile, na wanavuka mipaka mara nyingi kuliko balozi yeyote. Wana haki ya kuona mtoto wao akifunga mwaka upande mmoja na kufungua mwingine upande wa pili, darasa likiwa lilelile linalomstahili.