Kosa Si la Kinanda

Imekuwa desturi, kila itajwapo taarab ya leo, kukitwika lawama kinanda cha umeme: ndicho kilichoifukuza ganuni, ndicho kilichoziua maqam. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na wepesi wake humficha mkosaji wa kweli, naye ni mpigaji anayekiwasha kinanda na kukipiga vilevile kilivyotoka kiwandani. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Tatizo linafahamika. Kiwandani, kinanda hugawiwa oktavu yake katika hatua 12 zilizo sawa, na kila hatua hupimwa kuwa senti 100. Maqam ya Rast haienei humo. Ikianzia Do, Mi na Si zake huteremka karibu nusu ya hatua, yaani senti 50 hivi. Anayeipiga bila ya kuziteremsha hapigi Rast; anapiga meja ya Kizungu iliyovishwa kilemba. Lakini dawa imo ndani ya chombo chenyewe. Yamaha DX7II, iliyotoka mwaka 1987, ilimwezesha mpigaji kujipangia vimo vya noti zake, na baadaye vikaundwa vinanda makhsusi kwa muziki wa Mashariki, ambamo kazi hiyo ni ya kubonyeza vitufe vichache.

Vivyo hivyo kwa umbo la sauti. Sintesaiza humpa mpigaji vipimo vinne: muda wa sauti kuchomoza, muda wa kushuka, kiwango cha kudumu na muda wa kuzimika. Uzi wa ganuni hulia mara tu ukidonolewa, kisha hufifia. Sauti ya fidla za kinanda ikiachwa ichomoze polepole, huburuta nyuma ya dumbak. Ikiachwa izimike kwa kusitasita, noti hupandana na kuyameza maneno. Mshairi aliyezihesabu mizani zake moja moja hupokonywa silabi na mtu asiyetaka kugusa kitufe.

Watakuwapo wa kujibu kwamba hata hizo senti 50 si kipimo cha hakika. Ni kweli. Mkutano wa Muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 ulibishana juu ya kuigawa oktavu katika sehemu 24 zilizo sawa, na hata juu ya piano kupewa nafasi. Lakini hoja hiyo haimpi mpigaji ruhusa ya kulala. Inamtaka ateremshe noti kwa sikio, mpaka ikubaliane na koo la mwimbaji.

Wengine husema wasikilizaji hawatambui tofauti. Hilo ni kuwadharau waliowalipa. Tena madhara humfika kwanza mwimbaji. Fidla huweza kumfuata anakokwenda. Kinanda hakiwezi, kwa hiyo yeye ndiye anayelazimika kukifuata. Mwanagenzi aliyelelewa na kinanda kisichorekebishwa huzoea kuikwepa robo toni kabla hajaijua, na sikio likishapotea halinunuliwi dukani.

Mpiga ganuni huinama kabla ya onyesho akakaza nyuzi zake, tatu tatu kwa kila noti, wala hapana anayemwambia kuwa anapoteza wakati. Mpiga kinanda anadaiwa kazi hiyohiyo, tena yake ni rahisi zaidi. Mpaka ailipe deni hilo, wanaoililia taarab wakiache kinanda, wamuulize yeye.