KANUNI YA MABOMBA NA DENI LA WAKUU WA MIJI

Ziko sheria ambazo wananchi huzijua kwa majina na kuzijadili barazani, na ziko nyingine ambazo hufanya kazi yake kimya kimya chini ya ardhi, mtu asizijue mpaka zimekwisha kumdhuru. Kanuni za ujenzi ni za namna hii ya pili. Leo twapenda kueleza habari za kifungu kimoja tu cha kanuni hizo, nacho ni kile kinachosema bomba la kuingiza maji nyumbani lifanywe kwa madini gani. Huenda msomaji akadhani kuwa hayo ni mambo ya mafundi na wahandisi peke yao. Sivyo hata kidogo. Mambo yaliyotokea Marekani yatuonyesha kuwa kifungu hicho kimoja kimewagharimu watu afya za watoto wao, na hata leo deni lake halijakwisha kulipwa.

Kwanza yafaa tulieleze bomba lenyewe. Katika mji, maji husafiri ndani ya bomba kuu lililozikwa barabarani. Katika bomba kuu hilo hutoka bomba jembamba linaloingia kila nyumba. Katika miji mingi ya Marekani bomba hilo jembamba lilikuwa la risasi, madini yale yale yatiwayo katika bunduki. Mafundi waliipenda risasi kwa kuwa ni laini, hupindika bila ya kuvunjika, na hudumu ardhini miaka mingi kuliko chuma. Hata jina la fundi bomba kwa Kiingereza limetokana na neno la Kilatini la madini hayo.

Lakini maji huila risasi kidogo kidogo na kuichukua mpaka jikoni. Risasi iliyomo ndani ya maji haina rangi, haina harufu wala haina ladha, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Mtu mzima huweza kudhurika moyo na figo. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo hudhurika ubongo, na madhara hayo hayarudi nyuma. Wataalamu wa afya wamekubaliana kuwa hakuna kiasi cha risasi kilicho salama kwa mtoto.

Je, waliotunga kanuni hawakuyajua hayo? Walijua. Mji wa Cincinnati ulikwisha yakataza mabomba hayo mwaka 1927. Lakini mwaka 1928 wenye viwanda vya risasi walianzisha chama chao, nacho kikawatuma watu wake kuzunguka mijini, kuonana na vyama vya mafundi bomba, wasanifu wa majengo na kamati za kanuni, wakiwashawishi waendelee kuagiza risasi. Kazi yao ilizaa matunda. Katika mji wa Chicago kanuni haikuishia kuruhusu bomba la risasi, bali ililiamrisha kwa nyumba ndogo, na amri hiyo ilidumu mpaka mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipopiga marufuku mabomba hayo nchi nzima. Kwa hiyo, aliyejenga nyumba yake Chicago mwaka 1980 alitii sheria, na kwa kuitii sheria akawatilia watoto wake sumu ndani ya kikombe.

Hata sheria ya 1986 ilikuwa na tundu lake. Ilisema mabomba na viungo vyake viwe "bila risasi", kisha ikafafanua kuwa kitu chenye risasi isiyozidi asilimia 8 chahesabiwa kuwa hakina risasi. Kwa hiyo bilula za shaba zenye risasi ziliendelea kuuzwa kihalali kwa jina la usalama. Ilichukua mpaka Januari 2014 kiasi hicho kushushwa kuwa robo ya asilimia 1 kwa sehemu zinazogusa maji. Hapo twaona umuhimu wa kuusoma ufafanuzi wa sheria, si kichwa chake tu.

Mwaka huo huo wa 2014 yalitokea mambo ya Flint, mji wa viwanda vya magari katika jimbo la Michigan, wenye watu wapatao 100,000. Mji huo ulikuwa katika shida kubwa ya fedha, na serikali ya jimbo ilikuwa imeweka msimamizi wake mwenye mamlaka kuliko madiwani waliochaguliwa na wananchi. Mwezi wa Aprili, kwa ajili ya kubana matumizi, mji uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya Mto Flint. Maji ya Detroit yalikuwa yakitiwa dawa ya fosfati, ambayo hutandaza utando ndani ya bomba na kuizuia risasi isiyeyuke. Maji ya mto hayakutiwa dawa hiyo. Utando ukabanduka, na risasi ikaingia majumbani.

Wananchi walilalamika tangu mwanzo, wakachukua chupa za maji machafu mpaka mikutanoni. Waliambiwa kuwa maji ni salama. Mwezi wa Oktoba 2014 kampuni ya General Motors iliona kuwa maji hayo yanaozesha vyuma katika kiwanda chake cha injini, ikaruhusiwa kuyaacha. Wananchi walingoja mwaka mzima zaidi, mpaka Oktoba 2015, baada ya Daktari Mona Hanna-Attisha kuonyesha kwa vipimo kuwa risasi imeongezeka katika damu za watoto. Yaani injini ziliokolewa mwaka mmoja kabla ya watoto! Hatuna haja ya kuongeza neno juu ya jambo hilo, kila mfanyakazi atalipima mwenyewe.

Sasa twafika kwenye swali ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari yote: nani alipe gharama za kuyang'oa mabomba hayo? Katika miji mingi wakuu walisema kuwa bomba lililo chini ya barabara ni la mji, na lililo ndani ya kiwanja ni mali ya mwenye nyumba, basi kila mtu abebe mzigo wake. Maneno hayo yana sura ya haki, lakini haki yenyewe haimo. Mwenye nyumba hakuchagua risasi, aliamriwa. Kulitoa bomba moja hugharimu maelfu ya dola. Mwenye uwezo atalipa, na asiye na uwezo ataendelea kunywa. Mpangaji hana hata ruhusa ya kuchimba, na mwenye nyumba anayekaa mbali hayanywi maji hayo.

Lipo na kosa jingine lililotokana na mgawanyo huo. Mji ulibadilisha nusu yake na kuiacha nusu ya mwenye nyumba. Kumbe kulikata bomba la zamani hulitikisa na kubandua risasi, na kwa muda maji huwa mabaya kuliko mwanzo. Nusu ya kazi ilileta madhara kwa fedha za umma.

Wapo wanaosema kuwa kazi hiyo ni kubwa mno na haiwezekani kufanywa upesi. Hao tunawaelekeza Newark, katika jimbo la New Jersey. Tangu mwaka 2019 mji huo ulikopa fedha, ukapitisha amri ya kuwaruhusu mafundi kuingia viwanjani bila kungoja saini ya mwenye nyumba asiyeonekana, wala haukumtoza mtu hata senti moja. Mabomba yapatayo 23,000 yalibadilishwa katika muda usiofika miaka mitatu. Tena kazi hiyo iliwapa watu wa Newark ajira na ufundi. Chicago, yenye mabomba ya risasi yapatayo 400,000, zaidi ya mji wowote wa Marekani, katika mpango wake wa mwaka 2025 ilieleza kuwa itamaliza mwaka 2076. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa mpango huo atakuwa na umri wa miaka 51.

Mwezi wa Oktoba 2024 serikali kuu ya Marekani ilitoa kanuni mpya ya kutaka miji mingi imalize kazi hiyo katika miaka kumi, na ikashusha kipimo cha kuchukua hatua toka sehemu 15 mpaka sehemu 10 katika sehemu bilioni za maji. Hiyo ni hatua njema. Lakini kanuni bila fungu la fedha ni karatasi, na kanuni bila mkaguzi ni karatasi pia.

Asije mtu akasema kuwa hayo ni ya Wamarekani peke yao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 uliyakuta maji ya visima vya pampu vijijini Ghana, Mali na Niger yamechanganyika na risasi, iliyotokana na viungo na bilula za shaba zilizofungwa visimani. Bidhaa duni huenda pale ambapo kanuni haiulizi. Nchi inayojenga mabomba yake leo ina bahati ya kulizuia kosa kwa bei ya kiungo kimoja, kabla ya kulazimika kulifukua kwa bei ya barabara nzima. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twawataka wafanyakazi, na hasa mafundi bomba, wasiwaachie wauza bidhaa viti vya kamati zinazotunga kanuni. Fundi ndiye ajuaye nini kinafungwa ardhini. Aulize madini ya kila kiungo kabla ya kukifunga, na adai kanuni ichunguzwe upya kila elimu inapozidi. Na pale ambapo wakuu waliamrisha kosa, wakuu ndio walipe gharama za kulifukua, nyumba kwa nyumba, pasipo kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani.