Tuzo ya Kolabo Ni ya Nani: Mwenye Wimbo au Aliyeubeba?

Kuna dada mmoja wa Ngamiani, Tanga, jina kapuni, ila sauti yake mmeisikia kwenye daladala mpaka mkachoka. Msanii mmoja mkubwa wa Dar alimwita, akamtumia nauli ya basi, akaingia studio usiku, kiitikio akakimaliza, asubuhi akageuza. Wimbo ukawaka balaa. Mashabiki walikuwa wanaimba kiitikio tu, mistari ya mwenye wimbo hata hawaijui. Leo jamaa anaposti gari, dada anaimba kwenye harusi za Makorora.

Sasa njoo kwenye tuzo. Tuzo za muziki Tanzania zilianza 1999 chini ya BASATA, na kwa miaka mingi watu wakaziita Kili kwa sababu ya bia iliyokuwa inadhamini. Humo kukawa na kipengele cha wimbo bora wa kushirikiana. Mwaka 2014, ule ambao Diamond alizoa tuzo saba, kipengele hicho kilienda kwa "Muziki Gani" ya Nay wa Mitego akiwa na Diamond. Hapo hakuna wa kuonewa huruma, wote wana majina. Baada ya 2015 tuzo zikalala, zikaja kuamka 2022.

Shida iko pale mmoja ana jina na mwenzake ana sauti tu. Jina la mwenye wimbo linatangulia, halafu "ft.", halafu yule mwingine. Video inapandishwa kwenye chaneli ya wa kwanza, kwa hiyo watazamaji ni wake na hela ya YouTube ni yake. Shoo anaitwa yeye, kiitikio kinapigwa kwenye CD! Halafu wimbo huohuo unashindanishwa kama wimbo wa kushirikiana. Walishirikiana nini?

Na inauma zaidi kwa Tanga, maana huku watu walikuwa wanashirikiana kabla ft. haijazaliwa. Miaka ya 60 kulikuwa na Black Star Musical Club, baadaye ikaja Lucky Star. Walichukua taarabu wakaitia magitaa, bongo na midundo ya dansi, tofauti na zile okestra kubwa za Unguja. Humo ndimo alimong'ara Shakila, binti wa Pangani, yule wa "Macho Yanacheka". Shairi linaweza kuwa la mtu mmoja, muziki wa mwingine, sauti ya wa tatu, na wimbo ukatoka kwa jina la klabu. Msidanganywe kwamba zamani ilikuwa haki tupu, mtunzi wa shairi mara nyingi alipotelea humohumo. Ila aliyeimba alijulikana. Shakila alifariki 2016 na bibi yeyote wa Chumbageni angekutajia jina lake bila kufikiri.

Cha kuchekesha, kwenye tuzo taarabu ilitengewa kipengele chake pembeni. Wimbo uliotengenezwa na kundi zima ukaitwa taarabu, na wimbo wa mtu mmoja aliyekodi koo la mwenzake ndio ukaitwa kolabo.

Kuna watakaosema bila jina la mkubwa, huyo dada nani angemsikia? Sawa, kweli kabisa. Lakini bila sauti ya dada, huo wimbo nani angeurudia mara ya pili? Mkubwa alileta watu, dada akawafanya wabaki. Hiyo ni kazi ya wawili, ilipwe kama ya wawili.

Sheria ya hakimiliki nayo ni ya 1999 hiyohiyo, ndiyo iliyoleta COSOTA, na inamtambua hata anayetumbuiza, siyo mtunzi peke yake. Kwa hiyo waandaaji waweke sharti dogo tu: wimbo ukitaka kuingia kipengele cha kushirikiana, uje na karatasi ya mgao iliyosainiwa na wote. Na tuzo ziwe mbili, kila mtu aende na yake kwao.

Yule dada juzi kapigiwa simu tena, msanii mwingine, mkubwa vilevile. Safari hii kabla ya kuuliza nauli akauliza karatasi. Akajibiwa, "Dada'angu, karatasi ya nini, si tunafahamiana?"

Basi hajapanda bado.