Mchuuzi Si Takataka ya Jiji

Tembea uone, walinena wahenga. Nami nilipotembea Bangkok, mji mkuu wa Thailand, niliona yaliyonikumbusha Nairobi.

Jua likichwa, mtaa wa Yaowarat, wenye wakazi wengi wa asili ya Kichina, hugeuka jiko moja kubwa. Niliketi kwenye kigoda cha plastiki kando ya barabara, nikaandaliwa tambi zenye pilipili iliyonitoa machozi. Mama muuzaji alicheka, akaniongezea ndimu, kisha akaniaga kwa viganja vilivyounganishwa kifuani. Kando yangu walikula karani mwenye tai na dereva wa tuktuk, sahani zao zikiwa sawa.

Utamu huo una historia chungu. Baada ya wanajeshi kutwaa mamlaka Mei 2014, wachuuzi walianza kufurushwa kutoka njia za waendao kwa miguu. Mnamo 2017 wakuu wa jiji walitangaza kuwaondoa kabisa. Malalamiko yalipozidi, Yaowarat na Khao San zilisazwa, kwa kuwa watalii huzipenda.

Je, mchuuzi ana haki ya kuishi pale tu anapomfurahisha mgeni? Karani na dereva wa mitaa mingine watakula wapi?

Nasi Nairobi, ambako mama wa mahindi ya kuchoma hutoroka na jiko lake aonapo askari wa kaunti, tusingoje watalii watufundishe thamani yake. Atengewe mahali penye maji na choo, atozwe ushuru wa haki, kisha aachwe auze.