Hesabu ya CAF haijui vita

Wengi wanauliza: mbona TP Mazembe, bingwa wa Afrika mara 5, si namba moja tena? CAF inahesabu misimu mitano tu. Alama za msimu wa mwisho zinazidishwa mara 5, za nyuma yake mara 4, hadi mara 1. Kombe la 2015 limekwisha kutoka.

Hapo ni haki: sifa za zamani hazifungi bao. Lakini hesabu haijui vita. Timu isiyocheza haipati hata alama moja.

Alama za timu zote zinajumlishwa kwa nchi. Nchi 12 za kwanza zinapeleka timu 4, zingine 2. Basi viongozi wa ligi wasaidie timu za Mashariki zicheze, hata ugenini. Zikinyamaza, Kongo nzima inapoteza.