Mti wa Elwak Haukui kwa Sherehe

Tangu Serikali ilipozindua, Desemba 2022, mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, hesabu ya miche imekuwa ndiyo kipimo cha kazi. Shule hupewa miche, hotuba hutolewa, picha hupigwa. Kwa mji kama Elwak katika Kaunti ya Mandera, kipimo hicho chapotosha.

Mvua ya huku huja mara mbili, gu mwezi wa Aprili na deyr mwezi wa Oktoba, na pengine haiji kabisa. Tangu mwishoni mwa 2020 misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Kisha mwishoni mwa 2023 ikanyesha hata ikawa mafuriko. Maji ya kishindo hupita juu ya ardhi ngumu bila kuzama. Isitoshe, Elwak ni nchi ya jasi. Palipo na tabaka gumu la madini hayo karibu na uso wa ardhi, mzizi hukwama na mche hudumaa hata ukinyweshwa. Shimo pana lililovunja tabaka hilo, pamoja na tuta lililopindwa kama mwezi mchanga kukinga maji, lina faida kuliko miche kumi ya ziada.

Halafu yuko mbuzi. Tusimlaumu, maana ndiye karo ya wanafunzi wengi. Ila asiye na boma la miiba asipande.

Wako wasemao tutafute mti unaokua upesi. Huo tunao: mathenge, ulioletwa nchini miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa. Ulistawi mno! Umevamia kingo za Mto Tana huko Garissa, na mwaka 2006 wakazi wa Baringo walimfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani, awe ushahidi wa madhara ya maganda yake matamu.

Lakini linaloniudhi zaidi ni kalenda. Tarehe 13 Novemba 2023, siku ya mapumziko iliyotengwa ili taifa zima lipande miti, wanafunzi wengi walikuwa likizoni. Mche wa Novemba hubaki yatima hadi Januari, na hapo jilaal, kiangazi kikali, kimekwisha kuingia. Walimu wapande Aprili, michache, kila darasa na yake. Migunga iliyoota yenyewe uani izungushiwe miiba badala ya kufyekwa. Likizo ikifika, bawabu alipwe kuinywesha. Idadi ipelekwe wizarani baada ya jilaal mbili.