Karatasi za Kaki Si Takataka

Yako maneno tuliyoyasikia mara nyingi, nayo yametuchosha. Watu husema, "Kazi ya karatasi ni mchezo wa watoto, ikinyeshewa mara moja, imekwisha." Wasemao hayo si wajinga. Wengi wao ni walimu wenzetu, ambao huwapa wanafunzi karatasi na gundi saa ya mwisho ya Ijumaa, ili wao wapate kusahihisha madaftari kwa utulivu. Leo twataka kuwapinga, ingawa baadhi yao ni rafiki zetu.

Kwanza na waitazame karatasi yenyewe. Karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya saruji, si sawa na karatasi ya gazeti. Njia ya kuitengeneza ilivumbuliwa na Carl Dahl huko Danzig mwaka 1879, ikaitwa kwa neno la Kijerumani, kraft, maana yake nguvu. Hupikwa kwa miti yenye nyuzi ndefu kama misonobari. Hata huku kwetu kiwanda cha Mgololo, wilayani Mufindi, hufanya kazi hiyo. Mfuko huchukua kilo 50 za saruji, hutupwa kutoka juu ya gari, usipasuke. Je, hicho ndicho kitu mnachokiita dhaifu?

Mwaka 1772 fundi mmoja wa Birmingham, Uingereza, jina lake Henry Clay, alipewa hati ya kulinda ubunifu wake. Alibandika karatasi moja juu ya nyingine, akazilowesha mafuta ya kitani, akazikausha kwa joto la tanuri. Zikawa ngumu kama mbao, naye akafanyiza sinia na hata ubavu wa magari ya farasi. Na gari la farasi, ndugu zetu, hupita mvuani.

Tena Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka rangi ya baiskeli juu ya vibao vya dari. Vibao vile ni nini ila nyuzi za mti zilizoshindiliwa? Ni ndugu wa karatasi. Hatujamsikia mtu akiziita picha zake takataka.

Lakini haki isemwe: aibu hii tumejiletea wenyewe. Katika shule moja tuliyofundisha, wanafunzi waliuza mabakuli 30 siku ya wazazi, yenye rangi za kupendeza sana. Masika hayajaisha, yakaanza kurudi. Yalikuwa yameota ukungu, na mende wametafuna kingo. Mama mmoja hakusema neno. Aliliweka lake juu ya meza, akaenda zake. Fedha zilikwisha kununuliwa madaftari, ikatupasa sisi walimu kulipa kutoka mifukoni mwetu. Kosa lilikuwa nini? Tulibandika matabaka manane kwa siku moja, tukapaka rangi ndani kungali na maji. Rangi ikayafungia humo, bakuli likaoza kama muhogo uliovundikwa.

Sasa twafanya hivi. Mfuko hukung'utwa nje, pua imefungwa kitambaa, maana vumbi la saruji hudhuru mapafu na ngozi. Nasi hupenda kutumia tabaka la ndani lisilo na maandishi. Karatasi huchanwa kwa mkono, wala haikatwi kwa mkasi, kwa sababu ukingo uliochanwa ni mwembamba nao hulala vizuri juu ya mwenziwe. Huloweshwa, hukamuliwa, hupakwa gundi ya mbao. Asiye na gundi apike uji mzito wa unga wa ngano, atie mrututu kidogo ili wadudu wasile. Ila mrututu ni sumu, nao hushikwa na mwalimu tu, na bakuli hilo lisiwekwe chakula kamwe. Tabaka la pili hupita kinyume cha la kwanza, kama ukindu katika mkeka. Baada ya matabaka matatu, twaacha. Twangoja siku mbili, kivulini penye upepo, kisha twaliweka shavuni: likiwa baridi, maji yangalimo. Ndipo huja matabaka mengine, na msasa, na chaki iliyosagwa ikachanganywa na gundi, na msasa tena, na rangi ya mafuta. Mwisho ni vanishi mara tatu, na chini ya bakuli pia. Hapo mnunuzi hapatazami, lakini maji hupaona.

Watatuuliza, nani angoje siku kumi kwa ajili ya bakuli moja? Mfinyanzi hungoja chungu kikauke kabla hajakichoma, wala hatujasikia akiitwa mchezaji. Na hao wasemao hawana nafasi, twawaona wakinunua maua ya plastiki dukani, ambayo jua la dirishani huyapausha, huku mifuko ya saruji ikichomwa moto nyuma ya kila nyumba inayojengwa kijijini.

Bakuli moja tulilolifanya baada ya aibu ile liko dirishani petu, na masika manne yamelipita. Asiyeamini na aje. Tutalimwagia maji mbele ya macho yake, tulipanguse, tumpe alishike.